Maswali ya Wasomaji: Mahojiano Makali ya Wanasiasa Yanatufunza au Yanatugombanisha?

Barua tatu zilizotufikia kutoka mikoa ya Mtwara na Lindi zinahusu jambo moja, nalo ni mahojiano ya kisiasa ya televisheni na redio, ambayo waandishi wa barua hizo wanaona kwamba yamekuwa makali kupita kiasi. Nazijibu kwa kufuatana, ya kwanza kwa urefu zaidi kwa sababu ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa.

Swali la kwanza

*Ndugu Mhariri, ninaishi Mikindani na jioni huuza kahawa na kashata. Wateja wangu hutazama televisheni niliyoiweka kibarazani, na siku za mahojiano ya wanasiasa biashara huwa nzuri lakini ugomvi nao huwa mwingi. Mtangazaji humkatiza mgeni kabla hajamaliza sentensi, mgeni hupaza sauti na kumwambia kwamba ametumwa, na wateja hugawanyika papo hapo kwa kufuata vyama vyao. Hivi karibuni ndugu wawili wa tumbo moja waliondoka bila kuagana. Je, huu ni uandishi wa habari au ni maigizo? Na mimi nifanyeje, niizime televisheni?*
Muuza kahawa, Mikindani

Ndugu yangu, televisheni usiizime, maana wateja watahamia kibaraza cha jirani na ugomvi watakwenda nao huko huko.

Ninachokuomba ni kutenganisha mambo mawili ambayo waendesha vipindi wengi wanayachanganya, yaani ukali wa swali na ukali wa sauti. Mtangazaji aliyeisoma ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mpaka kurasa za mwisho, akajua ni halmashauri ipi iliyotumia fedha bila vielelezo, anaweza kuuliza kwa sauti ya chini kabisa na mgeni akatokwa na jasho. Asiyeisoma hana njia ya kuonekana shujaa isipokuwa kumkatiza mgeni, kumkunjia uso na kumrushia maneno aliyoyaokota mitandaoni asubuhi. Kwa maoni yangu, makelele mengi ya studioni hutokana na uvivu wa maandalizi, na mtazamaji huyapokea kama ujasiri kwa sababu hajaonyeshwa kitu kingine.

Mfano unaotajwa sana ni wa Uingereza. Mwezi Mei 1997, siku chache baada ya chama cha Conservative kushindwa uchaguzi, Jeremy Paxman wa kipindi cha Newsnight cha BBC alimhoji Michael Howard, aliyekuwa ametoka tu kwenye uwaziri wa mambo ya ndani na alikuwa akiwania kuongoza chama chake. Swali lilikuwa moja: je, alimtishia mkuu wa Idara ya Magereza, Derek Lewis, kwamba angeutengua uamuzi wake katika suala la kumsimamisha kazi mkuu wa gereza la Parkhurst? Howard alieleza mambo aliyokuwa na haki ya kuyafanya na ambayo hakuwa na haki ya kuyafanya, akaeleza pia aliyoshauriwa na wanasheria, lakini ndiyo au hapana hakuitoa, na Paxman alilirudia swali lile lile zaidi ya mara kumi bila kulipamba na bila kutukana. Mtazamaji wa chama chochote aliyekuwa sebuleni kwake alijua mtu yule ameulizwa nini, na alijua kwamba hakujibu. (Baadaye Paxman alidai kwamba aliendelea kurudia kwa kuwa habari iliyopaswa kufuata ilikuwa haijawa tayari kurushwa. Hata kama ni hivyo, ni wachache ambao wangeujaza muda huo kwa swali badala ya porojo.)

Marekani walichukua njia nyingine. Mwaka 1982 kituo cha CNN kilianzisha kipindi cha Crossfire, ambacho kiliwaketisha mtu wa mrengo wa kulia na mtu wa mrengo wa kushoto wabishane. Kipindi cha aina hiyo ni rahisi mno kukitengeneza, kwa sababu hakihitaji mwandishi aende kijijini wala achunguze nyaraka kwa miezi, na kinachotakiwa ni viti, taa na watu wawili wasioafikiana. Mwaka 1987 tume ya mawasiliano ya nchi hiyo iliifuta kanuni iliyokuwapo tangu 1949, iliyovitaka vituo vya redio na televisheni kutoa nafasi kwa mitazamo inayopingana katika masuala yenye ubishani, na baada ya hapo redio za mijadala zilizoegemea upande mmoja zilishamiri. Vituo vya kebo kama Fox News na MSNBC, vilivyoanza mwaka 1996, havikuwa chini ya kanuni hiyo hata ingebaki, lakini navyo vilijifunza mapema au kwa kuchelewa kwamba mtazamaji aliyekasirika habadilishi kituo. Mwezi Oktoba 2004 mchekeshaji Jon Stewart alialikwa Crossfire, na badala ya kuchekesha aliwaambia waendesha kipindi uso kwa uso kwamba wanaiumiza nchi na kwamba wanachokifanya ni maigizo. Miezi michache baadaye, Januari 2005, CNN ilitangaza kukiondoa kipindi hicho hewani, na mkuu wake alisema anakubaliana na hoja za Stewart. Swali lako la maigizo, kwa hiyo, limekwisha kuulizwa ndani ya studio yenyewe na wenye studio wakalikubali.

Kwetu historia ni fupi zaidi, na ufupi huo unaeleza mengi. Zanzibar ilikuwa na televisheni tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na vituo vyake hadi mwaka 1994, yaani miaka miwili baada ya mfumo wa vyama vingi kurudishwa na mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo. Tulijifunza kutazama televisheni na tulijifunza kushindana kwa vyama katika kipindi kimoja, bila miaka mingi ya kuzoea kimoja kabla ya kingine. Bunge lilipoanza kuonyeshwa mubashara, watu waliona kwa macho yao wabunge wakiomba mwongozo, wakipeana taarifa na kuamriwa kufuta kauli, na nadhani hilo lilikuwa darasa zuri la kubishana kwa utaratibu. Mwezi Januari 2016 aliyekuwa Waziri wa Habari, Nape Nnauye, ambaye ni mtu wa huko kwenu kwa maana ya kuwa wakati huo alikuwa mbunge wa Mtama mkoani Lindi, alitangaza bungeni kwamba televisheni ya taifa itaacha kurusha vikao vyote moja kwa moja kwa sababu ya gharama, na badala yake kutakuwa na kipindi cha muhtasari kilichoitwa Leo katika Bunge. Wapinzani walipinga, na siku hiyo polisi waliingia ukumbini kuwatoa. Iwe sababu ilikuwa gharama au nyingine, naona kwamba sehemu ya joto lililokuwa likiishia bungeni, mbele ya Spika mwenye kanuni mkononi, lilihamia studio ambako kanuni ni chache na mwamuzi ndiye mwenye kipindi.

Watu wa Mtwara mnajua kuliko wengi madhara ya maneno makali yasiyo na majibu ndani yake. Tarehe 27 Desemba 2012 wananchi waliandamana kwa amani wakitaka kujua watafaidikaje na gesi kabla haijasafirishwa kwa bomba kwenda Dar es Salaam. Majibu waliyoyapata kutoka kwa wanasiasa wa pande zote yalikuwa na moto mwingi, huku wengine wakisema gesi haitoki Mtwara na wengine wakidokeza kwamba anayeuliza anataka kuigawa nchi. Rais Kikwete, katika salamu zake za mwaka mpya, alisisitiza kwamba rasilimali ni za Watanzania wote, jambo ambalo ni kweli lakini halikuwa jibu la swali la faida. Tarehe 22 Mei 2013, wakati hotuba ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na ikathibitika kwamba bomba litajengwa, ghasia zilizuka mjini, nyumba na ofisi zikachomwa na watu wakapoteza maisha. Siwezi kusema kwamba mahojiano ya televisheni yangeyazuia hayo. Ninachoamini ni kwamba saa moja ya waziri kubanwa kwa takwimu ingekuwa na manufaa kuliko mikutano mingi ya hadhara: ushuru wa huduma wa asilimia 0.3 ya mauzo utalipwa kwa halmashauri ipi, ajira ngapi zitabaki Mtwara, bandari itapata kazi gani, na nani atakayetoa hesabu kila mwaka.

Sasa nirudi kibarazani kwako. Wateja wako wengi, kama si wao basi ndugu zao, wana mikorosho, na wanaijua minada ya vyama vikuu vya ushirika ambako bei za wanunuzi zilikuwa zikiandikwa kwenye karatasi, zikafunguliwa na kusomwa mbele ya wakulima, na anayepiga kelele nje ya ghala hakupandisha bei hata shilingi moja. Kipindi kikiisha, kabla hujamimina kikombe cha pili, waulize wa pande zote mbili maswali mawili tu: mgeni aliulizwa nini, na alijibu nini? Wakiweza kukutajia swali na jibu, hata kama jibu liliwaudhi, walikuwa wakitazama mahojiano. Wakibaki kukuambia kwamba mgeni wetu kamkomesha mtangazaji, au kwamba mtangazaji kamuumbua mgeni wao, walikuwa wakitazama ngumi. Usishangae ukiona kwamba wa chama cha mgeni ndio watakaoshindwa zaidi kulikumbuka swali, kwa sababu mkereketwa husikiliza ili ashangilie, na hilo halina chama.

Kuhusu wale ndugu wawili, sidhani waligombana kwa sababu ya mahojiano. Watu waliokulia nyumba moja hawaachi kuagana kwa sababu ya mwanasiasa wa Dodoma ambaye hajui majina yao, na huenda kuna la shamba au la mirathi chini yake. Mpelekee kahawa yule mkubwa, umuulize habari za nyumbani, na siasa uiache kando.

Swali la pili

*Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa hapa Masasi. Sisi tulilelewa kwamba mkubwa akisema mdogo hungoja. Leo naona kijana aliyemaliza chuo juzi anamkatiza waziri mwenye umri wa babu yake mbele ya nchi nzima. Je, tumeiga tabia za Wazungu na kuipoteza adabu yetu?*
Mwalimu mstaafu, Masasi

Shikamoo, Mwalimu. Nakujibu kwa heshima, na katika sehemu ya hoja yako nitakupinga.

Wazungu wenyewe hawakuanza hivyo. Katika Uingereza ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwandishi alimwendea waziri mkuu kwa unyenyekevu mkubwa, akimuuliza kama ana la kuwaambia wananchi, na asipokuwa nalo walishukuriana wakaachana. Aliyeivunja desturi hiyo ni Robin Day wa shirika la habari za televisheni la ITN, ambaye mwaka 1958 alimhoji Waziri Mkuu Harold Macmillan na kumuuliza waziwazi kuhusu lawama zilizokuwa zikimwandama Waziri wake wa Mambo ya Nje, Selwyn Lloyd. Wazee wa huko nao walisema adabu imepotea, kama unavyosema wewe. Hata miaka 24 baadaye mambo yalikuwa bado hayajazoeleka, kwani mwaka 1982 Waziri wa Ulinzi John Nott, alipoitwa na Day mwanasiasa wa kupita tu, aliivua maikrofoni katikati ya mahojiano na kuondoka. Nott alikuwa amekwisha kutangaza kwamba hatagombea tena, na katika hilo mimi nipo upande wake, kwa kuwa ile ilikuwa kejeli iliyovaa nguo za swali.

Kwetu pia mdogo kumuuliza mkubwa si jambo geni. Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inaitambua mikutano mikuu ya vijiji, ambayo kila mwanakijiji mtu mzima ana haki ya kuhudhuria, na ambako taarifa ya mapato na matumizi hupaswa kusomwa. Umewahi, bila shaka, kumwona kijana akisimama katika mkutano kama huo, au katika mkutano wa chama cha msingi cha ushirika, akamwamkia mwenyekiti, akamwita mzee wangu, halafu akamuuliza makato ya kila kilo ya korosho yamekwenda wapi. Mwenyekiti akianza kuhadithia uhuru ulivyopatikana, kijana yule hulirudia swali, na mkutano mzima humwona kuwa amelelewa vizuri. Adabu ipo katika namna anavyosimama na maneno anayoyachagua. Kumwachia mkubwa amalize dakika ishirini bila kujibu ni woga, na wazee wetu hawakuuhesabu woga kuwa ni adabu.

Hata hivyo malalamiko yako yana ukweli ambao vijana wa studio wanapaswa kuusikia. Kumkatiza mtu ambaye ameanza kujibu ni kosa, kwa sababu unamwokoa: alikuwa akielekea kujifunga kwa kauli yake mwenyewe, nawe umempa sababu ya kulalamika kwamba hakuachwa aseme. Kumkatiza mtu anayekwepa ni kazi ya mwandishi. Tofauti ya hayo mawili inatambulika kwa kusikiliza, na kijana aliyeishika karatasi ya maswali kumi na tano hawezi kusikiliza, kwa kuwa akili yake ipo kwenye swali la tatu wakati mgeni anakwepa la pili.

Na wageni nao wana mbinu zao ambazo ni vizuri ukizijua, Mwalimu, ili hukumu yako isimwangukie kijana peke yake. Yupo anayeanza kwa kusema kabla sijakujibu, na hajibu tena. Yupo anayemhamisha muulizaji kutoka kwenye hoja kwenda kwenye asili yake, akidai kwamba ametumwa na chama fulani au ubalozi fulani. Wengine humwaga takwimu nyingi kwa kasi, wakijua hakuna atakayezihakiki hewani, na wengine hukitaja kila kijiji kilichopata zahanati ili muda uishe. Mbinu ninayoichukia zaidi ni ya kuuficha udhaifu wa hoja nyuma ya umri, ya mtu mzima kumwambia kijana wewe ulikuwa hujazaliwa, wakati swali lilihusu barabara iliyojengwa mwaka jana.

Swali la tatu

*Mhariri, ninatoka Nachingwea na ninajiandaa kugombea udiwani. Redio moja imenialika kwenye kipindi cha mdahalo pamoja na mpinzani wangu. Mwenzangu aliyewahi kuitwa kwenye vipindi vya namna hii aliulizwa ameolewa na nani na amewezaje kupata fedha, na msikilizaji aliyepiga simu akamtukana hewani. Nikatae mwaliko?*
Mgombea mtarajiwa, Nachingwea

Dada yangu, nenda, lakini usiende bila masharti. Piga simu mapema ujue mada ni ipi, mtakuwa wangapi, kila mmoja atapewa dakika ngapi, na kama kuna mtu anayezipokea simu za wasikilizaji kwanza kabla hazijaruhusiwa hewani. Mwendesha kipindi asiyeweza kukujibu hayo hana kipindi, na hapo una haki ya kukataa bila kuitwa mwoga.

Wanawake hukutana na ukali wa aina ya pekee, na wenye vituo wanalijua hilo. Mwezi Novemba 2016 nchini Kenya, katika kipindi cha Jeff Koinange kwenye kituo cha KTN, waliketishwa Miguna Miguna na Esther Passaris, wote wawili wakiutaka ugavana wa Nairobi. Majibizano yaligeuka kuwa maneno ya kumdhalilisha mama huyo kama mwanamke, watu walikasirika nchi nzima, na kipindi kiliondolewa hewani. Somo waliloachiwa wenye studio ni kwamba mwendeshaji anayeacha tusi lipite analibeba yeye.

Ukiulizwa kuhusu ndoa yako, jibu kwa sentensi moja kwamba hilo halimo katika kazi za diwani, kisha rudi kwenye kata yako palepale, bila kungoja ruhusa. Chagua mambo matatu tu ya kata, kwa mfano maji, barabara ya kutolea mazao na madarasa, na kwa kila moja uwe na namba uliyoipata ofisi ya kata au kwenye taarifa za baraza la madiwani, pamoja na tarehe ya taarifa hiyo. Mpinzani wako akitaja namba usiyoijua, usiipinge na usiikubali. Mwombe aseme ameitoa wapi, halafu nyamaza, hata kama ukimya utamsumbua mtangazaji. Akipaza sauti, punguza yako, kwa sababu redioni msikilizaji hamwoni anayepiga meza na husikia tu nani anaeleweka. Kijembe kimoja unaruhusiwa, na kama mpinzani wako ni mtani wako kwa kabila au kwa ukoo unaweza kuongeza cha pili, lakini kiwe kinahusu kazi yake na wala si mwili wake au watoto wake.

La mwisho ni la vitendo. Nenda na mtu atakayebaki nje ya studio akirekodi kipindi kizima kwa simu kutoka redioni. Kesho yake kitasambaa kipande cha sekunde thelathini kwenye makundi ya WhatsApp, kikiwa kimekatwa mahali panapomfaa aliyekikata, na wewe uwe tayari kutuma dakika tano za kabla na za baada yake.